Akija Anasikika, Akiondoka Anapotea

Mimi ni fundi wa redio za mawasiliano. Tipa namba saba lilifika kwangu Kizota, Dodoma, likiwa limeshabadilishiwa redio mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wati 25. Ikaitwa dhaifu, ikang'olewa. Ikafungwa ya wati 45, nayo haikumaliza mwezi kabla ya kulaumiwa. Karatasi niliyokabidhiwa pamoja na ufunguo ilikuwa na mstari mmoja tu: "Redio kolu haishiki. Angalia uwezekano wa kuongeza nguvu."

Magari ya kampuni yenyewe ni saba, sita yakiwa matipa na moja semi bapa. Matipa yanapakia kokoto kwenye machimbo ya upande wa Chigongwe, yanakuja hadi Nala, yanaingia barabara ya mzunguko kupitia Veyula na kwenda kushusha Mtumba. Kituo cha redio kiko yadi ya hapa Kizota: antena juu ya bomba refu, meza, na dada mmoja mwenye daftari. Mtu atauliza redio ya nini wakati kila dereva ana simu. Dada akibonyeza maiki mara moja anawapata madereva wote saba, na dereva mwenye tani ishirini za kokoto mgongoni hana mkono wa ziada wa kushika simu.

Malalamiko yalikuwa namba saba tu. Mengine yalisikika kwa namna fulani, ingawa baadaye niligundua kwamba hayo mengine watu walikuwa wameyazoea tu.

Antena ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni, saiti mira ya kushoto. Ni sehemu ambayo mafundi wengi huipenda. Hakuna kutoboa paa, waya unapita mlangoni, na kazi inaisha kabla chai haijapoa. Antena yenyewe ilikuwa ya robo wimbi. Masafa ya kampuni yako karibu na 155 MHz, na hesabu yake ni nyepesi: gawa 300 kwa masafa hayo unapata urefu wa wimbi kwa mita, kama 1.93. Robo yake ni sentimita 48, na fimbo hukatwa pungufu kidogo ya hapo.

Nilitoa mita ya SWR. Mita hii inalinganisha nguvu inayokwenda kwenye antena na ile inayogonga na kurudi redioni. Ikisoma 1, hakuna kinachorudi. Ikisoma 2, inarudi kama asilimia 11. Ikisoma 3, inarudi robo nzima. Ya kwetu ilisoma 2.8, maana yake zaidi ya moja ya tano ya nguvu ilikuwa inarudi, karibu wati 10 katika zile 45.

Nikaona nimeshampata mchawi. Nilifungua kiunganishi nyuma ya redio: kikavu, safi. Nikafungua cha kwenye kioo: maji. Waya wa antena una waya wa katikati, plastiki nyeupe inayouzunguka, wavu wa shaba, kisha gamba jeusi la nje. Wavu ule ulikuwa umegeuka rangi ya majani makavu, na mweusi zaidi kadiri nilivyochuna. Mvua za Dodoma zinaanza Desemba, na miezi inayotangulia vumbi limeshajaa kila tundu. Tone la kwanza likiingia linakuta vumbi la kunyonya maji. Tena waya ulikuwa umebanwa na mlango mpaka ukawa bapa kama utepe, na mita tano za ziada zilikuwa zimeviringishwa nyuma ya kiti kwa sababu mtu aliona uchungu kukata. Waya mwembamba wa aina ya RG-58 kwenye masafa haya unakula karibu desibeli moja kwa kila mita tano, yaani moja ya tano ya nguvu inapotea kwa kupasha moto waya ulioviringishwa nyuma ya kiti cha dereva.

Nilibadilisha waya, nikaupima kwa urefu unaotakiwa, nikalehemu kiunganishi kipya na kukizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Kwenye mkono wa kioo nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa. SWR ikashuka mpaka 1.6, ambapo kinachorudi ni asilimia tano tu. Nikaandika risiti.

Siku ya tatu gari likarudi.

Kosa langu lilikuwa moja, na linafanywa na watu wenye mita nzuri kuliko yangu. Mita ya SWR inakuambia kama nguvu imeingia kwenye antena. Haikuambii ilikoelekea baada ya kutoka. Ukifunga kwenye redio kile kidubwana cha majaribio kinachogeuza nguvu yote kuwa joto, mita itasoma 1 kamili, na hakuna hata mtu wa nje ya geti atakayekusikia. Tena waya mbovu, mrefu, unaokula nguvu, unaipendezesha mita, kwa kuwa kinachorudi nacho kinaliwa njiani. Hata hesabu ingenizuia mapema kama ningeifanya: kupoteza moja ya tano ya nguvu ni karibu desibeli moja, tofauti ambayo sikio la dada wa kituo halingeigundua. Gari halikuwa linapotea kwa desibeli moja.

Dereva wake ni mzee wa Kigogo, mtu wa maneno machache. Mara ya kwanza alikuwa amemtuma utingo kuleta gari. Safari hii alikuja mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi, fundi."

"Mbukwa. Limekataa tena?"

"Halijakataa. Nikija nasikika. Nikiondoka napotea."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaeleza kama mtu anayerudia jambo alilokwisha kulisema kwa watu watatu. Akitoka machimbo na mzigo kuja Nala, anaongea na kituo vizuri. Akirudi tupu, barabara ileile, palepale, anaita hajibiwi. Utingo, kijana mcheshi, akaongeza kwamba ofisini wanasema ni milima.

Milima ipo, sibishi. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na uwanda huo umechomozwa na vilima vya mawe vinavyoweza kuzuia mawimbi ya masafa haya kabisa. Lakini mlima hauhami. Kama kilima kinakufunika ukiwa unakwenda mashariki, kitakufunika palepale ukiwa unakwenda magharibi. Kitu kilichobadilika kati ya safari mbili za mzee ni kimoja: upande ambao gari limeuelekeza uso wake.

Nilimwomba dada wa kituo daftari lake. Yeye huandika saa, namba ya gari na alichojibiwa. Asipojibiwa anachora mstari. Mistari ya namba saba ilikuwa karibu yote kwenye safari za kurudi machimbo. Jawabu lilikuwa limelala mezani kwake muda wote huo, na sikuliona kwa kuwa niliingia na mita badala ya kuanza na daftari.

Tukaenda kujaribu. Karibu na Nala kuna kiwanja kipana cha changarawe ambapo tipa linaweza kugeuka bila kurudi nyuma. Nilimwambia mzee asimame uso ukiangalia Kizota, akaita. Dada akamsoma vizuri, akatuambia vijiti vya redio yake vimejaa vinne. Tukaligeuza gari robo ya duara: vijiti vitatu upande mmoja, viwili upande wa pili. Tukalipa kituo mgongo. Kijiti kimoja, kinakuja na kupotea, na sauti kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Halafu nikafanya jambo ambalo utingo bado analisimulia. Nilimpa redio ya mkononi ya wati 5 na kumwambia apande juu ya kokoto, asimame, aite. Gari lilikuwa bado limekipa kituo mgongo. Dada akajibu papo hapo: "Nakusoma, nakusoma vizuri, wewe ni nani?" Wati 5 mkononi mwa kijana zimezishinda wati 45 za kwenye gari. Kuanzia hapo neno la kuongeza nguvu halikutajwa tena, na bora, maana nguvu na masafa vimeandikwa kwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Fundi anayekuahidi kuzipandisha kwa kompyuta yake anakutafutia kesi.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Antena ya robo wimbi ni nusu ya antena. Nusu yake ya pili ni bati inayosimama juu yake. Ikiwa katikati ya paa pana la chuma, inatupa mawimbi pande zote karibu sawa. Iweke kwenye kona, na nguvu itaegemea upande wenye bati nyingi. Iweke kwenye mkono wa kioo, na nusu ya pili inakuwa chochote antena itakachokipata: bomba la kioo lenyewe, bawaba, gamba la nje la waya wako. Mkono wa kioo kwenye malori mengi ya sasa umeshikwa kwenye plastiki, na kabini nzima imekaa juu ya mipira, kwa hiyo hata ile ethi, njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari, unayodhani unayo huenda ni waya mwembamba mmoja unaokwenda kwenye chasisi. Nilipokwangua rangi nilikuwa nimeisafisha njia isiyofika popote.

Hilo peke yake ni baya, ila kwa tipa kuna kubwa zaidi. Nyuma ya kabini limesimama bodi la chuma, refu kuliko kabini, na mbele ya bodi kuna ule ukingo unaoifunika kabini ili jiwe likidondoka kutoka kwenye kijiko cha mtambo lisimpasue dereva kichwa. Mimi nauita kofia. Antena kwenye kioo ilikuwa chini ya usawa wa kofia, mbele ya ukuta wa chuma wenye upana wa mita mbili na nusu. Ilikuwa inaangaza mbele kama taa ya gari. Na kinachozuia kutoka huzuia kuingia. Ndiyo maana mzee alikuwa hasikiki wala hasikii.

Sasa kuifunga wapi? Hapa ndipo palipokula muda, kwa sababu kwenye gari la kazi kila mahali pana sababu ya kupakataa.

Katikati ya paa la kabini, mahali ambapo kitabu chochote kitakuambia uweke, ni chini ya kofia. Nafasi kati ya paa na kofia ni kama sentimita thelathini. Ukiweka fimbo fupi hapo, umeiweka ndani ya sanduku.

Utingo akapendekeza juu ya kofia yenyewe. Kwa macho, ni pazuri mno: ndicho chuma cha juu kuliko vyote, kipana, wazi pande zote. Lakini bodi linapanda kila linaposhusha mzigo. Waya utatoka kwenye bodi kuingia kabini, na dereva mmoja akisahau kuuacha mlegevu, antena inabaki Mtumba. Ethi ya bodi inapita kwenye pini za nyuma zilizojaa grisi, kwa hiyo gari likitikisika unasikia mkwaruzo redioni. Na kijiko cha mtambo kinapakia kupitia juu ya hapohapo. Pia tipa likishainua bodi ndilo linalokaribia nyaya za umeme. Kumwongezea mtu fimbo ya chuma kwenye ncha ya bodi lililoinuka ni kumtakia mabaya.

Bampa la mbele ni chini mno, tope na vumbi vinaishi hapo, na kabini inakuwa ukuta mwingine.

Tukabaki na kona ya mbele ya paa la kabini, kwa kipande cha chuma cha pembe kinachotokeza sentimita kumi na tano mbele ya ukingo wa kofia. Nikachora alama upande wa kushoto kwa mazoea, kwa kuwa waya wa zamani ulipita huko. Mzee akatikisa kichwa.

"Kushoto kuna mikwaju."

Sisi tunaendesha kushoto. Matawi yote ya barabarani yanagonga kushoto. Upande wa kulia ni katikati ya barabara, hakuna mti. Na antena ikiwa kulia, dereva anaiona kwa jicho lake ikiwa imelala au imekatika. Nimefunga antena kwa miaka mingi na sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Antena ikaenda kulia.

Kwa kuwa kipande cha pembe si uwanja wa bati, niliacha robo wimbi na kuchukua ya nusu wimbi. Hii ina koili ndogo kwenye kitako chake inayoiwezesha kufanya kazi bila kutegemea bati chini. Ni ndefu, kama sentimita 95, na urefu huo kwa mara hii ulitufaa: theluthi mbili ya fimbo ilitokeza juu ya usawa wa kofia, ikiangalia nyuma bila kizuizi. Chini yake niliweka springi, ili ikigonga kitu ilale na kuinuka. Kipande cha pembe kilifungwa kwa boliti mbili kwenye chuma cha fremu ya kabini, si kwenye bati jembamba la paa, kwa sababu barabara ya machimbo ni makorongo matupu na fimbo ya mita moja inayotikisika siku nzima italipasua bati kuzunguka tundu. Bado nilikwangua rangi, nikaweka washa zenye meno, nikarudishia rangi, kisha nikapaka grisi juu ya kila kitu.

Kabini ya gari hili inalazwa mbele fundi injini anapofanya kazi. Ikilazwa, fimbo inanyooka mbele kama mkuki na itagonga ukuta wa gereji. Kwa hiyo inafunguka kwa mkono, bila spana. Nimelibandika neno hilo kwa stika kwenye dashibodi, na najua siku moja halitasomwa.

Waya ulipita ndani ya nguzo ya kabini, si mlangoni, na kabla ya kuingia nikauachia kitanzi kinachoning'inia chini ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi redioni. SWR ilisoma 1.4. Nilimwonyesha mzee, nikamwambia asiiamini.

Wakati nafungua dashibodi nikakutana na jambo lingine lisilohusiana na antena, lakini lingenirudishia gari. Malori haya yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, na redio inataka 12. Fundi aliyetangulia alichota 12 kwenye betri moja. Inafanya kazi, ndiyo, ila betri inayochotwa haijai kamwe, na mwenzake inapewa chaji kupita kiasi. Mzee akasema, sasa naelewa kwa nini betri moja nabadilisha kila mara. Nikafunga konvata ya kushusha 24 kuwa 12, yenye kuhimili ampea 20, kwani redio ya wati 45 ikiita inaweza kuvuta ampea kumi au zaidi. Konvata ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya bei rahisi, na mara tu nilipoiwasha redio ikajaa mchemko kama mafuta kwenye kikaango. Ilikuwa inatoa kelele yenyewe kwenye masafa yetu. Nikairudisha dukani kwa ugomvi kidogo, nikachukua yenye kasha la chuma, nikaiweka mbali na waya wa antena.

Tulirudi kwenye kiwanja kilekile cha Nala. Uso kwa Kizota: vijiti vinne. Robo ya duara: vinne, vinne. Mgongo: vitatu, sauti safi. Mzee alishika maiki, akasema namba ya gari na neno "tupu", akaendelea na safari ya machimbo huku akijibiwa njia nzima.

Antena inayosikika vizuri ilileta suala jingine. Machimbo wanalipua kwa fataki za umeme, yaani viwashio vya baruti. Nyaya za fataki hizo, zikiwa zimetandazwa kabla ya mlipuko, zenyewe ni antena. Redio ikiita karibu inaweza kuzipa umeme usiotakiwa. Sheria ya machimbo ya kuzima redio kwenye kibao chekundu ilikuwepo tangu zamani, ila matingo walikuwa wanaidharau kwa vile "redio yenyewe haishiki". Nilikaa na msimamizi wa baruti na madereva wote, na sasa dada wa kituo haiti gari lolote lililovuka kibao hadi lenyewe limwite kwanza.

Mengine matano nimeyafunga vilevile. Lile semi bapa halina kofia na paa lake ni la chuma tupu, kwa hiyo nilitoboa katikati ya paa na kuweka robo wimbi ya kawaida. Lilichukua saa moja na linayashinda yote. Bosi hakupenda tundu kwenye paa, lakini hajarudi kulalamika.

Namba saba bado linapotea sehemu moja, mbele kidogo ya Veyula, kwenye kona inayopita ubavuni mwa kilima. Nilimuuliza mzee kama ni wakati wa kwenda au wa kurudi.

"Kote," akasema. "Pale ni mlima."